Kikohozi cha Jumatatu

Nilipoajiriwa kama muuguzi katika jinari moja nje kidogo ya mji wa Bariadi, sikujua kwamba kuna kazi ya kuwahudumia watu ambao bado hawajaumwa. Nilikuwa nimetoka kwenye zahanati ya kijijini, ambako mtu anakuja ameshikwa mabega na ndugu zake. Huku kwenye kiwanda cha kuchambua pamba watu walikuja kwa miguu yao, wakicheka, wengine wakiwa na mihogo mikononi, na kazi yetu ilikuwa kuhakikisha wanaendelea hivyo hivyo.

Tulikuwa wawili tu, mimi na tabibu niliyemkuta. Wote pale walimwita daktari, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati amelifunga vifungo hadi shingoni hata jua likiwa kali. Mke na watoto wake walikaa Malampaka, ambako wana shamba la mpunga, naye alipanga chumba karibu na stendi ya Bariadi. Kila Jumamosi mchana alipanda basi kwenda kwake, na Jumapili jioni alirudi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kikohozi cha Jumatatu. Mtu anayefanya kazi kwenye vumbi la pamba, aliniambia, akipumzika Jumapili kifua chake kinafunguka. Jumatatu akirudi kwenye vumbi kinambana kama amefungwa mkanda, naye anakohoa kutwa nzima. Ikifika Jumatano kimelegea, anadhani amepona. "Anayekohoa Jumatatu hajaanza kuumwa jana, sista," alisema. "Ameanza miaka mingi. Ila yeye hajui."

Ile kazi aliipenda. Nimefanya kazi na watu wengi wenye bidii, lakini bidii yake yeye ilikuwa na furaha ndani yake. Aliingia kwenye banda la mashine, mahali ambapo huwezi kumsikia mtu wa pembeni yako, akazunguka akiwashika watu mabega na kuwaangalia wanavyopumua. Alikuwa na mrija wa kupimia pumzi, unapuliza na mshale unasogea. Akaugeuza mchezo. Kina mama wa kufagia walishindana nani ataufikisha mshale mbali, na zahanati yetu, chumba kimoja karibu na geti, ikajaa kelele kama harusini. Kila msimu aliwaomba wakubwa wafunge feni kubwa za kuvuta vumbi, na kila msimu waliahidi msimu ujao. Hakununa. Alikuwa akirudi ofisini kwao na kuomba tena.

Katika wale wafagiaji alikuwepo mama mmoja wa Nkololo. Alikuwa pale kabla ya daktari, kabla ya karibu kila mtu. Kazi yake ilikuwa kukusanya nyuzi zinazodondoka chini ya mashine, kwa hiyo alivuta vumbi kuliko wengine, na kwenye ule mrija mshale wake haukufika popote. Lakini alicheka kuliko wote. Asubuhi akimwona daktari alisimama kwa heshima, ingawa alimzidi umri, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Daktari alimjibu, "Mwangaluka, mayu. Mhola?" Naye, "Mhola duhu," mzima tu, halafu anaanza kukohoa, na wote wawili wanacheka kwa sababu jibu na kikohozi havikuendana.

Halafu ikaja korona.

Mwaka wa kwanza ulitupita kwa woga zaidi kuliko kwa ugonjwa. Tuliweka ndoo za maji zenye bomba kila kona, watu wakanawa, wakajifukiza nyumbani kwa majani ya mikaratusi na mchaichai, msimu ukaisha. Ni mwaka wa pili uliotuvunja. Msimu wa pamba ulifunguliwa wakati mjini kwetu watu walikuwa wanazikwa na neno lililosemwa kwenye misiba ni "changamoto ya upumuaji". Uongozi ukatoa agizo: kila anayeingia apimwe joto getini, na mwenye homa au kikohozi arudishwe nyumbani. Sikuwa na ubishi na agizo lile. Kwingine kokote lingekuwa jema. Ila aliyeliandika hakuijua Jumatatu ya jinari.

Jumatatu ya kwanza tulisimama getini, mimi na kile kipimajoto ambacho watu walikiita bastola, yeye na kifaa chake cha kusikilizia kifua. Mstari ulifika hadi barabarani kwenye kijiwe cha boda boda. Na mstari mzima ulikuwa unakohoa. Nilimwangalia usoni. Nadhani hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba hajui la kufanya.

Alichoamua ni kumsikiliza kila mmoja. Mtu anageuka, anainua shati, daktari anaweka kile chuma mgongoni na kufumba macho. Wengine aliwaruhusu waingie akiwa tayari kubishana na ofisi. Wengine, wenye joto au wenye sauti ambayo hakuipenda, aliwaambia warudi nyumbani. Wengi wao walikuwa vibarua, na kibarua asipofanya kazi leo halipwi leo. Walirudi wakipita kando ya mstari mzima, wakiangalia chini, na wenzao wakasogea pembeni wasiwaguse.

Baada ya muda watu walijifunza. Walikuja wanatafuna tangawizi. Walilowesha paji la uso kwa maji baridi kabla ya kufika kwetu. Walibana pumzi hadi wapite geti, wakatembea taratibu kama watu wenye afya kabisa, na wakishafika nyuma ya ghala la mbegu wakaachia kikohozi walichokuwa wamekishikilia. Tulikisikia tukiwa pale pale getini. Daktari alikuwa akifumba macho kila mara, kama vile bado anasikiliza kifua cha mtu.

Zahanati ikawa tupu. Wale kina mama waliokuwa wakipuliza mrija kwa vigelegele sasa walipita mbali nasi. Sokoni, mwanamke niliyenunua nyanya kwake miaka yote aliniwekea kwenye mfuko akausukuma kwangu kwa ufagio. Mwenye nyumba wangu, mama mcha Mungu, alinitengea ndoo yangu kisimani na akaifunga kitambaa chekundu ili isichanganywe. Sikumlaumu. Ningekuwa na wapangaji na wajukuu, labda nami ningetafuta kitambaa.

Binti yangu alikuwa Kiloleli kwa mama yangu, anayeuza dagaa kutoka Lamadi. Nilikuwa nikienda kila mwisho wa mwezi. Nikaacha. Kila siku nilishika watu ambao sikujua wamebeba nini, na mama yangu ana kisukari. Nilipiga simu. Mwanzoni binti alinisimulia kila kitu, kuku na shule na nani amempiga nani. Baadaye akawa anajibu "ndiyo" na "hapana", na kwa mbali nilimsikia mama akimsukuma aongee.

Na mimi nilikuwa nimebadilika. Mikono ilichanika kwa dawa ya klorini. Nikisikia mtu anakohoa, hata kanisani, nilihamia benchi jingine. Kazini nikawa kama swichi: nawasha, napima, nazima, naenda kulala. Watu walisema nimekuwa na kiburi. Daktari yeye hakuzima. Yeye aliendelea kumwita kila mtu kwa jina, kumwuliza mtoto wake anaendeleaje, kumwomba radhi kabla ya kumrudisha. Nilimshangaa, na nikiri kwamba wakati mwingine alinichosha.

Jumatatu moja katikati ya msimu yule mama wa Nkololo alifika kwenye mstari akikohoa. Hakujaribu kuficha. Hakuwa na joto. Daktari alimgeuza, akamsikiliza muda mrefu, juu, katikati, pembeni, halafu akanivuta kando.

"Ni kile kile cha vumbi," aliniambia. "Kifua hiki nakijua."

Lakini wiki ile ofisi ilikuwa imetukaripia kwa kupitisha watu wanaokohoa, na meneja mwenyewe alikuwa amesimama kwenye baraza anatuangalia. Mama aliomba aingie. Alisema atafanya kazi nje, upande wa mbegu. Daktari alimshika mkono, jambo ambalo hatukuruhusiwa, akamwambia ni vumbi tu, asiwe na wasiwasi, aende akapumzike, Alhamisi arudi. Mama akacheka, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Nilimwona akipanda boda boda ng'ambo ya barabara.

Alhamisi hakuja. Jumamosi, kijana mmoja wa kupanga marobota, jirani yake, alitufuata zahanati akatuambia kwamba mama amefariki usiku wa kuamkia jana. Pumzi zilimkatika.

Daktari hakwenda Malampaka Jumamosi ile. Tulikodi pikipiki mbili tukaenda Nkololo. Tulikuta wameshazika asubuhi. Watu walikuwa wachache, wamekaa mbali mbali, si kama misiba ya Wasukuma ninayoijua, ambako hupati pa kuweka mguu. Mume wa marehemu alikuwa mzee mfupi, amekaa kwenye kiti cha kukunja nje ya nyumba, na nyuma yake ng'ombe walikuwa zizini ingawa jua lilikuwa juu, maana siku ile hakuna aliyewapeleka malishoni. Tulimsalimia. Daktari akajitambulisha.

Nilitegemea atamfukuza. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa hilo, nikiwa nimesimama karibu na pikipiki. Badala yake mzee alimpa kiti.

Alisimulia taratibu, kwa Kiswahili kilichokaa juu ya Kisukuma. Mama alifika nyumbani Jumatatu akiwa na furaha. Alisema daktari amemsikiliza mwenyewe na kumwambia ni vumbi. Jumatano alizidiwa. Watoto walitaka kumpeleka hospitali ya mkoa, akakataa. Alisema huko wakimsikia anakohoa watamfungia peke yake, na ya nini, wakati daktari wake ameshamwambia si ugonjwa ule.

"Tunakushukuru, daktari," mzee alisema. "Hakufa na hofu. Alikuamini."

Daktari alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Aliinamia kofia ile. Mzee alidhani ni huzuni, akamwombea kwa Mungu. Mtu mmoja alituletea uji, tukanywa, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi.

Njiani, mahali penye mashamba ambayo masalia ya pamba yalikuwa yameng'olewa na kuchomwa, alimwambia dereva wake asimame. Mimi nikasimama nyuma yake. Aliangalia lile jivu.

"Sista," aliniuliza, "wewe ungekisikiliza kile kifua, ungesikia nini?"

"Ningesikia vumbi," nilimjibu. Ilikuwa kweli.

"Hata mimi," alisema, akapanda pikipiki.

Mpaka leo hakuna anayejua kilichomuua mama yule. Hakupimwa. Inawezekana ilikuwa korona, inawezekana ni mapafu yake yaliyochoka kwa miaka ya kufagia nyuzi, inawezekana yote mawili yalikuwa humo kwa pamoja na masikio ya binadamu yasingeweza kuyatenganisha. Nilimwambia hivyo daktari mara nyingi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Baada ya hapo ndipo bidii yake ilipogeuka. Alifika getini kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Kila kifua alikisikiliza mara mbili. Aliacha kwenda Malampaka. Jioni, badala ya kupumzika, alichukua baiskeli akawafuata majumbani wale aliowarudisha, mmoja mmoja, hadi vijiji vya mbali, akabisha hodi na kuomba awasikilize tena. Wengine walimfungulia. Wengine walimwambia kupitia dirishani kwamba wamepona. Alikonda. Vile vifungo vya shingoni sasa vilikuwa vinaacha nafasi inayoingia vidole.

Na kwa kila aliyetazama kwa mbali, hakuna mfanyakazi aliyekuwa bora kuliko yeye. Meneja wetu alikuwa kijana aliyetokea Mwanza, si mtu mbaya. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alimsimamisha daktari mbele, akasema kama wote wangejitolea namna ile kiwanda kingekuwa mbali, akamkabidhi zawadi ya jiko la gesi. Watu walipiga makofi. Daktari akainamisha kichwa. Lile jiko lilikaa kwenye boksi lake chini ya kitanda cha zahanati, halikufunguliwa.

Muda si mrefu likaja agizo kutoka makao makuu kwamba wafanyakazi wafundishwe kuhusu msongo wa mawazo wakati huu wa janga. Kazi hiyo ikawa yake. Aliwakusanya kwenye kivuli cha banda la marobota, na alifundisha vizuri sana. Aliwaambia mtu mwenye msongo halali. Anasahau. Anarudia jambo alilokwisha kulifanya. Anahisi kila mtu anamwangalia. Mikono inamtetemeka bila baridi. Alitaja moja moja kwa sauti ya upole, na mimi niliyekuwa nimesimama kando na zile karatasi za mafunzo niliona kwamba karatasini mambo hayakuandikwa kwa ufasaha ule. Alikuwa anasoma mahali pengine.

Mwanamke mmoja aliuliza, "Na ninyi, daktari, nani anawapima?"

Watu wakacheka. Naye alicheka. "Sisi tumeyasomea," alijibu.

Walipotawanyika nilimfuata nyuma ya zahanati. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo ya kunawia, anasugua mikono chini ya bomba. Maji yalikuwa yameisha. Bomba lilikuwa kavu na yeye aliendelea kusugua. Nilimwita, akainuka, akajifuta kwenye koti, akaniuliza kama dawa za minyoo zimefika.

Ilikuwa wiki iliyofuata, getini, alipochukua bastola yangu kumpima mpakiaji mmoja. Aliisoma, akapima tena. Akapima tena. Yule mpakiaji akaanza kuogopa. "Hizi namba siziamini," daktari alisema, akapima tena, na mkono ulikuwa unatetemeka hadi kile kipimajoto kilimgonga yule mtu kwenye nyusi. Nilimshika kiganja nikakitoa kipimajoto polepole, nikamwambia aende akakae. Alienda. Nilimaliza mstari ule peke yangu.

Siku ile ile nilikwenda kwa meneja. Alishangaa kweli.

"Yule?" aliniuliza. "Si ndiye mzima kuliko wote hapa?"

Nilimweleza kuhusu ndoo, baiskeli, geti. Niliomba apewe likizo yenye malipo na nafasi yake itunzwe. Meneja alifikiri, akakubali, akanishukuru kwa kumwambia. Nilitoka ofisini mwepesi. Nilijiona nimemwokoa mtu. Nilinunua chapati kwa mama wa pale nje nikala nimesimama, na hicho ndicho chakula pekee cha msimu ule ninachokumbuka ladha yake.

Mchana wakamwita. Aliporudi zahanati alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kitanda. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Sista, umenitoa getini," alisema.

Nilimwambia ni mapumziko tu, kazi yake ipo, sote tunamsubiri. Nilimwambia mkewe na watoto wanamhitaji.

"Nilimpoteza mmoja," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa namlipia pale kwa hawa wengine. Sasa nitamlipia wapi?"

Aliweka kile kifaa cha kusikilizia juu ya koti, akaniaga vizuri, akatoka. Boksi la jiko aliliacha. Msimu ulipoisha nililituma Malampaka kwa basi. Msimu mwingine ulipokaribia alituma ujumbe mfupi kwa uongozi kwamba hatarudi.

Nimelifikiria jambo lile zaidi ya kitu chochote nilichowahi kufanya nikiwa muuguzi. Sioni kwamba nilikosea kusema. Kama ningenyamaza angeanguka pale pale mbele ya watu aliowapenda. Lakini nilidhani kupumzika ni dawa ya kila aliyechoka, na yeye hakuwa amechoka. Kazi ile ilikuwa inamuumiza na hapo hapo ndiyo iliyomshikilia asimame. Niliona lile la kwanza, nikamwondolea yote mawili. Alihitaji mtu wa kukaa naye, wa kuongea naye wiki baada ya wiki, na aruhusiwe kushika kazi kidogo kidogo. Kwa wapakiaji na wafagiaji kulikuwa na mafunzo na karatasi zake. Kwa sisi tuliowafundisha hakukuwa na mtu. Ule mkoa mzima sikumjua hata mmoja ambaye ningemwambia: huyu hapa, ni tabibu, anaumwa kazi.

Mwisho wa msimu ule nilikwenda Kiloleli. Binti yangu alikuwa amerefuka. Alikuja mlangoni, akapiga goti, akaniamkia shikamoo kama anavyoamkiwa mgeni wa heshima, akapokea mfuko wangu, kisha akarudi kukaa ubavuni mwa bibi yake. Mama alijifanya hakuona. Siku hizi tunaelewana vizuri, binti na mimi, lakini akiumwa anamwita bibi.

Sikumwona daktari miaka kadhaa. Nilimpigia sikukuu, akapokea mkewe. Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, nikaomba niende, mkewe akasema karibu. Nilipanda basi hadi Maswa, nikabadilisha, nikafika Malampaka mchana, nikapita stesheni ya treni nikiuliza njia. Kila niliyemwuliza alijua nyumba ya daktari. Bado wanamwita hivyo.

Nilimkuta anashona magunia chini ya paa la jiko. Alikuwa amenenepa kiasi, na shati lake lilikuwa wazi shingoni. Alinipokea kwa furaha ambayo sikuitegemea. Tulikula wali na samaki, akaniuliza habari za watu mmoja mmoja, nani ameolewa, nani amehama. Nikaona naweza kumwambia. Nikamwambia msimu uliofuata baada ya yeye kuondoka zile feni za kuvuta vumbi zilifungwa, na siku hizi Jumatatu hatusikii kama zamani.

Aliacha kushona. Aliuliza zimewekwa upande gani, zinatupia vumbi wapi, kama wafagiaji wa chini nao wanapata hewa. Alichukua kijiti akachora banda lote kwenye vumbi la uani, mashine hapa, mlango hapa, na mimi nikamwonyesha. Kwa dakika chache nilikuwa nimekaa na yule tabibu niliyemkuta Bariadi. Halafu mkono ukasimama juu ya sehemu ya chini ya mashine, pale wanapofagia. Alifuta mchoro wote kwa kandambili yake, akarudi kwenye sindano yake.

Alipita jirani mmoja, mwanamke wa makamo, akasalimia na kumwambia daktari kwamba kifua kinamsumbua tangu juzi. Alimjibu kwa upole aende zahanati mapema kesho. Halafu aliingia ndani, akatuacha mkewe na mimi tumwelekeze yule mama amwone nani.

Alipotoka alikaa karibu nami.

"Watu wanasema niliichoka kazi," alisema. "Sikuichoka, sista. Mpaka leo naipenda. Ndiyo maana siwezi kuisogelea."

Nilimwomba msamaha kwa siku ile. Alitikisa kichwa, akasema hana deni na mimi, kila mtu alifanya alichoona. Alisema kwa wema. Lakini hakuniangalia.

Jua lilipoanza kushuka mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Ni mwanamke mtulivu, mkulima, mikono yake migumu. Tulitembea tukiongea habari za mpunga na bei yake. Tulipofika kwenye gari linalokwenda Maswa alinishika mkono, hakuniachia.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya," aliniambia. "Leo amefurahi, nimemwona. Ila nakwambia ukweli, usiku huu hatalala. Na kesho, na labda wiki nzima. Atatembea uani. Ilikuwa hivyo hivyo hata alipokuja yule mwenzenu wa stoo."

Nilimwambia nimeelewa.

"Piga simu," alisema. "Mimi nitampa salamu kidogo kidogo. Lakini usije kwanza."

Nilipanda gari. Alisimama pale hadi lilipoondoka, akinipungia kama ndugu. Sijarudi tena. Kila baada ya muda napiga, yeye anapokea, ananiambia wamepanda, wamepalilia, mtoto wa kwanza ameingia kidato cha tano. Namwuliza daktari anaendeleaje. Anasema anaendelea vizuri, yuko shambani, nami namwambia amsalimie akiona inafaa.